Mdudu wa Kidole

Kufikia saa nne asubuhi Phelister alikuwa ameshaingia nyumba tisa, na hakuna alipokaa hata akaletewa kiti. Anabisha, anamtazama mgonjwa, anauliza kama maji yanakaa tumboni, halafu miguu inamwasha, anatoka. Mtaa wote wa Ziwani ulinuka dawa ya kupigia deki.

Hiyo ilikuwa Jumanne, mwaka wa tisini na tatu. Jumapili kwaya ya kanisa lao ilitimiza miaka ishirini. Watu walikula kuku na kunywa chai saa saba mchana, na kabla ya saa kumi thelathini na wanne walikuwa wameinama kando ya ua wakitapika. Vivian, binti ya Nabalayo, kiongozi wa kwaya, alikimbizwa hospitali hawezi kusimama.

"Ni maziwa ya Jimale," Nabalayo alisema, na wenzake wakashika hilohilo. Jimale ndiye aliyeleta maziwa ya chai siku ile. Jumatatu, alipofika na baiskeli yake kama kawaida, akina mama walimpokonya mitungi wakamwaga yote mtaroni. Aliapa kwa Mungu kwamba maziwa yake hayana kasoro. Wakamcheka.

Phelister alisimama mlangoni akatazama, asiseme neno. Na alikuwa na la kusema. Alikunywa vikombe viwili vya chai ile, tumbo lake likatulia. Kuku hakuonja, alikuwa akipakua. Na kwenye dole gumba la kulia alikuwa na mdudu wa kidole, dole limevimba na kutunga usaha tangu Alhamisi. Jumamosi jioni yeye ndiye aliyewachemsha kuku wa sherehe, akawachambua mifupa kwa mikono yake mwenyewe. Kitambaa cha kidole kilichomoka mara mbili, akakifunga tena. Nyama ililala ndani ya sufuria kubwa, imefunikwa, kando ya jiko lenye vuguvugu. Lakini Jumapili aliichemsha tena mpaka ikatokota, na kilichotokota, alijiambia, hakiwezi kumdhuru mtu.

Saa sita akaitwa ukumbi wa kanisa. Matheka, bwana afya, alikuwa akiwahoji watu mmoja mmoja. Phelister aliuficha mkono ndani ya leso.

"Waliokunywa chai peke yake hawakuugua," Matheka alisema. "Waliokula kuku ndio walioanguka. Alipikwa lini?"

"Jumamosi, daktari. Lakini Jumapili nilimchemsha tena. Alitokota kabisa."

Matheka aliweka kalamu chini. "Moto unaua bakteria, mama. Lakini wakikaa ndani ya nyama usiku kucha, mahali pasipo na baridi, wanaacha sumu yao humo. Sumu yenyewe haiogopi moto. Uichemshe saa nzima, bado itawatapisha watu."

"Na hao bakteria wanatoka wapi?"

"Mara nyingi kwa mpishi. Puani, kwenye jipu, kwenye kidonda cha mkono."

Phelister alishukuru, akatoka. Alifika langoni, akarudi hadi mlangoni, akaenda tena langoni. Mara ya tatu aliingia, akafungua kitambaa na kuuweka mkono juu ya meza.

Matheka hakumgombeza. Alipapasa kidonda kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, akaitia ndani ya chupa ndogo ipelekwe maabara. "Hukukusudia," alisema. "Lakini wenzako lazima waambiwe."

"Nitawaambia mimi."

Alianzia hospitali. Vivian alikuwa ameketi kitandani akinywa uji mwepesi. Phelister alieleza yote akiwa wima, hata kidole akakionyesha. Nabalayo, aliyekaa kando ya kitanda, aliinuka.

"Phelister, nimekuwa nikikuita dada," alisema. Kisha akaufunika uso. "Na ule mtungi wa kwanza, ni mimi niliyeupindua."

Jumatano Jimale hakutokea. Wale wanawake wawili wakaenda kwa miguu hadi mtaa wa Eastleigh alikoishi, wakauliza huku na huku mpaka wakamkuta akiosha mitungi mitupu.

"Tulikukosea," Phelister alisema. "Mimi zaidi, kwa sababu nilikuwa najua, nikanyamaza."

Jimale hakuinua kichwa. "Niliapa mbele yenu. Ungesema neno moja tu pale pale."

"Ndiyo."

"Kesho nikija, nani atanifungulia?"

"Tutapita na wewe."

Alhamisi walipita naye mlango kwa mlango, Phelister akirudia kisa chake kila kizingiti mpaka sauti ikamkauka. Wengine walitoa sufuria zao wakapimiwa maziwa. Wengine walisema watafikiria, na wawili walimfungia Phelister mlango usoni. Jimale alirudishiwa wateja zaidi ya nusu. Waliobaki hawakurudi kamwe, hata majibu ya maabara yalipotoka na kumsafisha.

Kidole kilipasuliwa kwenye zahanati kikapona. Ila sherehe ya kanisa iliyofuata, wapishi walikuwa wengine. Phelister alipewa kazi ya kupanga viti. Alivipanga, akavipangua, akavipanga upya, huku harufu ya kitunguu kikikaangwa ikimfikia kutoka uani.