Mlindeni wa Makaburini

Leida alipanda ngazi za dari akikohoa, aende kuyageuza maua yake. Maua ya mlindeni, mti ambao maua yake hukaushwa kwa chai ya kikohozi, hayataki kuachwa hivi hivi yakianikwa: usipoyageuza kila siku yanavunda, na yakivunda hata mbuzi hayagusi. Mlangoni akakuta kufuli jipya.

Alishuka mpaka chini, akamgongea Urmas, mwenyekiti wa wakazi wa jengo lile. Urmas alifungua huku anatafuna mkate.

"Bi Leida! Nilikuwa nije kwako."

"Kufuli la nini? Maua yangu yamo mle."

"Yalikuwamo. Kesho anakuja mkaguzi wa moto. Akikuta manyasi yametandazwa darini, faini yetu sote."

"Manyasi? Urmas, yako wapi?"

"Pipani. Shuka nimekukunjia, hili hapa."

Kweli alikuwa amelikunja, tena vizuri. Leida akalipokea. Jamani, mtu akikutupia dawa ya msimu mzima, kisha akakukunjia shuka, utamwambia nini?

"Si ungenigongea tu?"

"Niligonga, hukusikia. Halafu mama, mambo ya kizamani haya. Duka la dawa limejaa chai za paketi."

"Na bei yake unaijua?"

Urmas aliuma tena mkate wake. Hakuijua.

Enzi za Endel, mumewe, kabati la jikoni lilijaa: mnanaa, kamomili, maua ya mlindeni kwenye mifuko ya kitani. Endel alipanda mtini, Leida akakinga aproni chini, wakibishana tawi lipi zuri. Endel alipokufa, kabati likabaki tupu. Msimu wa baridi uliopita Leida alikohoa mpaka theluji ikayeyuka. Zahanati ilikuwa imehamishiwa mji mwingine, na alipopiga simu, baada ya muziki mrefu, muuguzi alimwambia, "Kunywa kitu cha moto, mama, ujifunike." Basi. Ndipo alipoapa kulijaza tena kabati, hata kama ni peke yake. Na peke yake hasa. Kuna siku sauti pekee aliyoisikia nyumbani ilikuwa ya redio.

Alikwenda pipani. Maua yalikuwa chini ya vichwa vya samaki. Akafunika.

Milindeni ya uani ilikwishamaliza kuchanua, nyuki wamehama. Mji mzima palibaki mahali pamoja tu: makaburini, kwenye kivuli cha misonobari, ambako maua huchelewa. Lakini cha makaburini hakivuki ukuta. Hata mtoto akiokota koni ya msonobari huko huambiwa airudishe. Leida mwenyewe alimwambia hivyo mpwa wake, tena kwa ukali.

Akachukua shuka akaenda.

Tawi lilikuwa limeinama juu ya kaburi la Endel, mkono ukafika bila ngazi. Alikuwa amechuma nusu shuka aliposikia reki iliyokuwa ikikwaruza karibu imesimama. Ni Maimu, mtunza makaburi.

"Leida! Unafanya nini, dada?"

"Nachuma."

"Nakuona unachuma! Vya hapa havipelekwi nyumbani, wewe unajua. Utajiletea mauti mlangoni."

"Mauti yalishakuja kwangu, Maimu, na mlango yanaujua. Darini nimefungiwa, daktari kahama. Huyu hapa ndiye peke yake asiyeniambia niende kwingine."

Maimu alimtazama, akatazama na kaburi. Akamnyooshea reki.

"Basi ukimaliza sawazisha mchanga. Nyayo zako zisibaki, watu watanisema mimi."

Leida aliusawazisha mchanga wa kaburi kwa reki, akienda kinyumenyume kama ilivyo desturi, mpaka pasionekane kwamba kuna mtu aliyesimama pale.

Nyumbani alihangaika na lile shuka. Jikoni pana unyevu, dirishani jua kali litayaunguza, na meza ni ndogo. Mahali pakavu, penye kivuli na pa kutosha palikuwa pamoja tu. Akautoa mto wa Endel, ambao hakuwa ameugusa tangu mazishi, akautia kabatini. Akalitandaza shuka kitandani, upande wa Endel, akayatawanya maua kwa vidole, moja moja, yasilaliane.

Nje kulikuwa bado kweupe, kama jioni zote za kiangazi katika nchi ile ya kaskazini. Leida akajilaza ukingoni, upande wake mwenyewe. Kikohozi kikamjia, akakibana kwa kiganja, akaogopa hata kugeuka, asije akamlalia.