Udongo wa Larisa

"Sogeza karibu, Hussni," Larisa aliniambia. Yeye alikuwa Riga, Latvia. Mimi nilikuwa makaburini Roseville, huku Marekani, theluji imenifika vifundoni, nimenyoosha simu ili amwone mama yake akizikwa.

Mama yake, Bi Zinaida, nilikuwa dereva wa kumpeleka hospitali kusafishwa damu. Mrusi, mkali wa maneno.

"Unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimembeba Bi Zinaida. Afadhali mayai."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha siku moja akaniambia madaktari hawana tena la kufanya, na Larisa anangoja miadi ya visa.

Nikamcheka. "Visa ya nini? Mwanao Mzungu wa Ulaya. Foleni ya ubalozi ni yetu sisi. Watu wa Latvia wanajaza fomu kwenye simu, wanapanda ndege." Nilisema kwa uchungu. Dada yangu Khadijah hunyimwa kila aombapo.

Tulipompigia simu, Larisa alisita. Paspoti yake si kama za wengine, alisema. Nikamwambia atume picha. Juu iliandikwa Latvia; sikusoma zaidi. Nikaegesha gari, nikamjazia mwenyewe. Uraia: nikabonyeza Latvia. Ruhusa ikaja. Larisa akafuta miadi, akakata tiketi.

Walimrudisha akiwa uwanja wa ndege. Amezaliwa Riga, ameota mvi Riga, lakini wazazi wake ni Warusi waliohamia huko enzi za Muungano wa Kisovieti. Latvia ilipojitenga, watu kama wao hawakupewa uraia. Paspoti yenyewe inamwita asiye raia, na asiye raia lazima aombe visa. Miadi mipya ilikuwa ya baada ya theluji kuyeyuka.

Nami ndiye niliyepaswa kujua. Mombasa, nilikozaliwa, nilipotafuta kitambulisho nilidaiwa cheti cha babu, huku wenzangu wenye majina yasiyo ya Kiislamu wakipita. Sikudhani Mzungu naye hufanyiwa hivyo kwao.

Nilimwambia Bi Zinaida kwamba kosa ni langu. Alitazama nje ya dirisha.

"Endesha," alisema.

Niliendesha polepole kuliko siku zote. Hakunitania tena, siku ile wala nyingine.

Pale makaburini, padri akamaliza sala. "Nitupie udongo," Larisa alisema. "Kwa niaba yangu."

Nikahamishia simu mkono wa kushoto, nikainama. Udongo ulikuwa umeganda; nikaukwangua kwa kucha mpaka ukamegeka. Picha ikakatika, ikabaki sauti.

"Umetupa?"

Bado nilikuwa nimeushika.