Keria ya Mita Mbili

Luka alikuja karakanani kwangu Jumatatu, siku tatu kabla ya gari lenyewe. Alishika kamba ya katani yenye mafundo mawili, na nilipomwonyesha benchi la wateja hakutaka kukaa. Akasema shikamoo fundi, nikasema marahaba, nikaendelea kukata paipu. Wachimbaji wanaokuja kuniona kabla ya kazi kuwepo huwa na maneno mengi, nami sina subira na maneno.

"Fundi Zamoyoni, Alhamisi atakuja kaka yangu Ngassa," alisema. "Amenunua pikapu ya umeme. Anataka keria ya juu, ya kubebea matimba."

Matimba ni magogo ya kushikilia kuta za duara, yaani lile shimo wanalochimbia dhahabu. Duara la Ngassa liko upande wa Nyang'hwale, na mtu aliyeshuka kila siku kuyafunga matimba hayo alikuwa huyu huyu Luka. Aliitandaza kamba yake sakafuni, katikati ya vumbi la chuma.

"Toka fundo hili mpaka hili ni mita tatu na nusu. Gogo la hivi mguu wake unakaa kwenye mwamba wa chini, kichwa kinashika mwamba wa juu. Katikati pana udongo wa maji, laini kabisa. Ukilikata gogo ukaliunga, kiungo kinaangukia pale pale kwenye udongo. Halitashika, fundi."

"Si umwambie kaka yako?"

Aliinamisha kichwa. "Siwezi. Nyumbani nikimwambia, atasema naogopa shimo. Na huku atakuja na watu. Kwetu mdogo habishani na mkubwa wake mbele ya watu, halafu yule kwangu ni baba, ndiye aliyenilea. Lakini ukisema wewe, itakuwa ni mambo ya ufundi tu. Mwambie keria fupi haifai. Hilo tu."

Nilimwahidi. Nilisema kwa mdomo wangu huu, "Ondoa shaka, mdogo wangu, hiyo niachie mimi." Akasema wabeja, ndiyo asante yao Wasukuma, akaniachia na kamba ili nisisahau kipimo. Alipoondoka nilijisikia mtu mkubwa. Napenda kuombwa ushauri, siku zote nimependa, na hilo nalitaja mapema ili mjue ninyi mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Kuanzia hapo mpaka Alhamisi nilichora keria kwa chaki sakafuni. Nguzo nne zingesimama nyuma kwenye bodi, chuma kingepita juu ya kichwa cha gari mpaka mbele, na gogo la mita tatu na nusu lingelala juu yake bila wasiwasi. Ilikuwa kazi nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa kazi nzuri.

Gari liliingia Nyasubi, hapa kwetu Kahama, bila sauti. Mtaa wetu unajua gari kwa kelele zake, kwa hiyo hili lilitufikia tayari liko mlangoni, na mafundi wote wakaacha kazi wakaja kulishangaa. Alikuja wa rangi, wakaja wa matairi, akaja Mageni pia, jirani yangu, anayechomelea kama mimi na anayesubiri siku zote nianguke. Ngassa alishuka akicheka. Si mtu mbaya Ngassa. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Luka alishuka mlango wa nyuma, akasimama huko huko.

Ngassa alitazama mchoro wangu wa chaki akauzunguka. "Hii kilo ngapi?"

"Sitini. Sitini na tano."

Akatoa simu akanionyesha picha. "Hii inauzwa Mwanza. Ni ya alumini, kilo kumi na nane tu, inabana pembeni kwa raba, wala bati halitobolewi. Ubaya wake haibebi gogo linalozidi mita mbili. Sasa, fundi, nishauri. Nimeambiwa gari hili uzito na upepo vinakula chaji. Nikiweka hii yako, na magogo marefu juu, nitafika Nyang'hwale au nitalala njiani? Na ukichomelea hizo nguzo, betri haitaungua?"

Watu wote walinigeukia. Sikujua. Gari la umeme nililiona kwa mara ya kwanza asubuhi ile, sawasawa na wao. Jibu la haki lilikuwa dogo sana: chaji siijui, betri siijui, ila gogo lisikatwe. Ningesema hivyo na Luka angekuwa hai. Lakini nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na sijawahi kumwambia mteja sijui. Mteja akisikia hujui, kesho yuko kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa pale, mikono kifuani, tabasamu limeshaanza.

"Hiyo nyepesi inatosha," nilisema.

"Na magogo?"

"Yataungwa. Mbona mbao zinaungwa kila siku?"

Mageni alitikisa kichwa kukubali, na mjinga mimi nikafurahi. Luka alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini, kwenye chaki.

"Umesikia, mdogo wangu?" Ngassa alimgeukia. "Fundi mwenyewe ndiye amesema."

"Nimesikia, kaka," alijibu Luka.

Wiki iliyofuata keria ililetwa kutoka Mwanza, nami ndiye niliyeifunga. Ilinichukua nusu saa. Kazi ya spana moja, hata mtoto angeiweza. Mchoro wangu niliufuta kwa kiatu.

Baada ya siku kumi hivi Luka alirudi, safari hii peke yake. Alitaka vyuma bapa vyenye matundu, vya kubania magogo yaliyokatwa. Alinipa vipimo taratibu, kwa heshima ile ile, hakunigusia lolote. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Luka, siku ile..."

"Ulisema unavyojua, fundi."

"Nitampigia Ngassa. Leo hii nampigia."

"Ukimpigia utakuwa umenisaidia," alisema, akachukua vyuma vyake.

Nilipiga mara moja. Yule mama wa kwenye simu akasema ninayempigia hapatikani, na moyo wangu ukatulia kana kwamba nimetimiza ahadi. Huko machimboni mtandao unakuja na kuondoka, kila mtu anajua. Mtu akimtaka mwenzake kweli anapiga mara kumi. Kesho yake nilikuwa na geti la mtu Nyahanga. Kesho kutwa sikumbuki nilikuwa na nini. Luka alirudi kuchukua vyuma vingine, mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia nimempigia kaka yake sijampata. Hakunibishia. Nilikuwa mkubwa kwake pia.

Mvua za Machi zilipokolea, duara likabomoka. Ilikuwa saa sita mchana. Walikuwa wanne chini. Watatu walivutwa juu wakiwa hai, kwa sababu Luka alikuwa amesikia mti unalia akawaambia watangulie kwenye kamba. Yeye alibaki akikishikilia kiungo kwa nyundo na kabari. Kifusi kilitolewa kwa siku mbili ndipo wakampata.

Siku ya pili nilikuwepo. Nilikwenda na mafundi wenzangu kusaidia kwa mashine za kukatia. Walipoanza kuvuta matimba, moja lilitoka likiwa na chuma changu, nami nililikimbilia na kulipangusa tope kwa kiganja nione kama chuma kimeachia. Hakikuachia. Parafujo zote zilikuwa mahali pake, ni mti uliopasuka kando yake. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kwa muda wa pumzi moja hivi, mtu yuko chini ya udongo, mimi nilikuwa nafurahi kwamba kazi yangu imeshika. Halafu nikakaa palepale kwenye tope nikalia, na wenzangu wakadhani namlilia Luka.

Tulimzika kwao, kijiji cha nje ya Mhunze. Ile pikapu iliegeshwa kwenye ua wa minyaa, keria yake inang'aa juu, na watoto walikuwa wanaishangaa kama tulivyoishangaa sisi Nyasubi. Baada ya mazishi Ngassa alikuja kukaa karibu nami chini ya turubai. Alikuwa amekonda kwa siku nne tu.

"Kitu kimoja kinaniua, fundi," alisema. "Mbona hakusema? Wale watatu wananiambia alijua tangu mwanzo kwamba gogo la kuunga halifai pale. Sasa mbona hakunisemesha kama mwanaume? Angeniambia neno moja tu mbele ya fundi, hata gari ningeuza."

Kamba ilikuwa mfukoni mwangu. Sijui kwa nini nilitoka nayo Kahama. Niliitoa nikaiweka kwenye mapaja yake.

"Alisema," nilimwambia. "Alikuja kwangu siku tatu kabla yako. Alinipa hii nikuonyeshe kipimo, akanituma nikuambie fupi haifai. Aliona si adabu kukubishia mbele ya watu. Na mimi uliponiuliza mambo ya chaji sikuyajua, nikaona haya kusema sijui."

Ngassa aliivuta kamba kutoka fundo mpaka fundo, mikono ikaenea hadi ikaishia, kamba ikabaki. Aliitazama pikapu. Akanitazama.

"Wewe ulisema inatosha."

"Nilisema."

Nilisubiri anipige. Nilitaka anipige, tena mbele ya wale wote, nianguke mbele ya turubai zima.

Mama yao, Mama Apolonia, alikuwa kwenye mkeka hatua chache kutoka tulipokaa, na Kiswahili chake ni cha shikamoo na maji ya kunywa. Aliiona kamba. Akamwuliza mwanawe kwa Kisukuma mgeni anasema nini. Nimekaa Kahama umri wangu wote. Kisukuma cha sokoni kinanitosha kuelewa swali kama hilo, na jibu lake pia.

Ngassa aliikunja kamba polepole, akaitia ndani ya koti.

"Anatupa pole, mama," alimjibu. "Anasema Luka alikuwa kijana mwenye adabu."

Mama Apolonia alijivuta mpaka ukingo wa mkeka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja," alisema. "Wabeja, fundi." Kisha akawaita wanawake wa jikoni, mgeni ametoka mbali, aletewe maji ya kunawa na chakula.

Nikanawa, nikala. Ngassa alikaa mbele yangu akinitazama mpaka nilipomaliza sahani.