Mtae na Mlalo Jezi Moja

Siku Lushoto ilipofungwa mabao saba na Korogwe, golikipa alikuwa Tobia Shemweta wa kijiji cha Mtae. Yote saba aliyaona kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Lililomuuma ni la nne. Mpira ulikuja polepole, kama nao umechoka, ukapita katikati ya mabeki wawili, mmoja wa Vuga na mmoja wa Soni. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Wakiwa bado wanagombana ni mpira wa nani, fowadi wa Korogwe aliusukuma wavuni huku anacheka.

Kwenye lori la kurudi, wakipanda zile kona za kuelekea Soni, wa Vuga walikaa na wa Vuga, wa Mtae na wa Mtae. Kiti cha mbele alikaa Bwana Nathanaeli, afisa utamaduni wa wilaya. Alikuwa anawaza.

Haukupita muda akawaita manahodha wa vijiji vyote mjini Lushoto, akawaambia kwamba kombe la vijiji ndiyo basi tena.

"Tunacheza mtoano," alisema. "Kijiji kikifungwa Jumapili moja, vijana wake wanarudi kwenye majembe mpaka mwaka kesho. Halafu tunaokota mmoja huku, mmoja kule, tunawapakia kwenye lori, tunasema hii ni timu ya wilaya. Sasa tutagawa wilaya kwa kanda. Mtae na Mlalo, kwa mfano, watakuwa timu moja, kanda ya kaskazini. Kanda zitacheza ligi, nyumbani na ugenini, na humo ndimo tutakamowachagua wachezaji wa wilaya, wakiwa wamekwisha kuzoeana."

Chumba kililipuka kwa kelele. Nahodha mmoja akapaza sauti kwamba hata serikali inahimiza vijiji, haijahimiza kanda.

"Ujamaa ni kuungana, ndugu yangu," alijibu Nathanaeli. "Nani anakubali?"

Tobia, nahodha wa Mtae, alilikumbuka lile bao la nne. Akanyoosha mkono. Alipogeuka kutazama, mkono ulikuwa wa kwake tu.

Habari zilifika Mtae kabla yake. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Mama Secilia, aliyeongoza nyimbo za kina mama uwanjani na kuwapikia wachezaji makande. Alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

Mama Secilia aliendelea kuchambua. Tangu azaliwe, Tobia hakuwahi kuona shikamoo yake ikiachwa inaning'inia.

"Umetuuza kwa Mlalo," alisema mama hatimaye.

"Sikumuuza mtu, mama. Tutacheza nao pamoja."

"Nimeliimba jina la Mtae tangu enzi za Mwingereza. Sasa niimbe kanda ya kaskazini? Kaskazini ni kwa nani?"

Tobia aliaga. Akaenda zake nyumbani akiwa mdogo kama punje.

Nyumbani, mkewe Klara alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Klara alikuwa mzaliwa wa Mlalo, na kaka yake Yohane ndiye aliyekuwa fowadi wao. Miaka miwili nyuma Yohane aliifunga Mtae bao ndani ya ukungu, na wana Mtae waliapa kwamba mpira uliingia kwa kupitia tundu la wavu ubavuni. Tangu hapo yeye na Tobia walikuwa wakisalimiana misibani tu.

"Wewe na Yohane, jezi moja!" alisema Klara. "Mungu mkubwa."

Mazoezi ya kwanza yalifanyika Mtae. Uwanja wa Mtae uko juu ya mgongo wa mlima, na upande mmoja unaishia kwenye korongo. Anayepiga mpira huko huufuata mwenyewe, akarudi jioni. Wana Mlalo walifika wanahema. Wenyeji walipasiana wenyewe kwa wenyewe, na Yohane alinyoosha mkono peke yake mpaka ukachoka.

"Shemeji," alimwambia Tobia, "hawa wenzako ni vipofu?"

"Wanaona sana. Ndiyo maana hawakupi."

Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukafunika uwanja wote. Wengine walianza kuokota mashati yao.

"Hakuna kuondoka!" Tobia alipiga kelele. "Tunaendelea. Anayeutaka mpira aite!"

Basi wakaanza kuitana kwa Kishambaa, huku na huku, kila mtu kwa sauti yake. Hakuna aliyejua sauti ile ni ya Mtae au ya Mlalo. Mpira ulikwenda ulikoitwa. Ghafla wavu ukatikisika. Wakashangilia wote, kisha wakaulizana nani amefunga, na kwa nani. Hakuna aliyejua. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mama Secilia, aliyekuwa shambani kwake pale jirani, akatokeza ndani ya ukungu na jembe begani.

"Mnacheza au mnafukuza nguruwe? Makelele gani haya?"

"Shikamoo, mama," waliamkia wote pamoja, wageni kwa wenyeji.

Akawatazama jinsi walivyolowa. "Marahaba," alisema. "Mlalo wana njaa, naona." Mazoezi yaliyofuata alileta chungu cha makande kilichobebwa na wanawake wawili.

Ligi ya kanda ilichezwa kiangazi chote, na mwishoni Korogwe wakaalikwa kupanda mlima kuja Lushoto kucheza tena na timu ya wilaya. Safari hii Tobia alipoita, mabeki wa Vuga na wa Soni walijua yupi aende na yupi abaki. Korogwe walitangulia kufunga kwa kona. Dakika zikayoyoma. Tobia akapiga mpira mrefu, Yohane akamzunguka beki, akaupachika. Ikaisha sare, bao moja kwa moja, na Korogwe walipeana mikono bila kucheka.

Watu wakiwa bado wanacheza ngoma uwanjani, Mama Secilia alimfuata Nathanaeli.

"Bwana afisa, umetupa timu ya wilaya. Asante. Sasa turudishie Mtae yetu."

"Mama, wachezaji watachoka."

"Ligi yenu ikiisha, kabla ya vuli, vijana wanafanya nini?"

"Wanapumzika."

"Basi wapumzike kwa kucheza."

Nathanaeli alimtazama Tobia, akitegemea msaada. "Hata mimi naona hivyo," alisema Tobia. Nathanaeli akacheka, akakubali: kwanza ligi ya kanda, kisha kombe la vijiji.

Fainali ya kombe hilo ilikuwa Mtae na Mlalo. Mlalo wakapewa penalti. Yohane akaweka mpira, Tobia akaruka kushoto, mpira ukaenda kulia, na kombe likaenda Mlalo.

Njiani kurudi nyumbani na Klara, Tobia alinuna mlima mzima.

"Nilikuona," alimwambia mkewe. "Kaka yako alipofunga, uliruka."

"Nilikuwa nafukuza nyuki."

"Kwa mikono miwili juu?"

"Walikuwa wengi, baba," alisema Klara, akaharakisha mbele ili asimwone anavyocheka.