Visanduku Vinavyopiga Kelele

Mtandao wa nyumba yetu ya wazee hapa Duluth niliutengeneza mimi. Haya, aliutengeneza fundi Wendell, mimi nilimshikia ngazi. Haya basi, ngazi ilikuwa imeegemea ukuta na mimi nilikuwa nimeegemea ngazi.

Lakini kumsumbua meneja hadi fundi akaitwa, hiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa ajili ya Ardith, jirani yangu wa mlango wa pili. Majira yote ya baridi alikuwa akituambia kwamba mwanawe Curtis humpigia kila Jumapili kutoka Phoenix, kwenye kishikwambi, waonane uso kwa uso, ila mtandao hukatika hata salamu hazijaisha. Kosa lilikuwa letu wazee. Tulikuwa tumemshinikiza meneja aongeze nguvu ya mawimbi mpaka mwisho kwenye kila kisanduku cha waifai darini, kama tunavyofanya na sauti ya televisheni. Vishikwambi vikaonyesha mtandao umejaa tele, na simu zikazidi kukatika.

Wendell alicheka akiwa juu ya ngazi. Akanieleza kwamba kisanduku cha jikoni kinapiga kelele hadi chumbani kwa Ardith, basi kishikwambi chake kinaking'ang'ania hicho cha mbali na kukiacha cha hapo mlangoni. Nacho kishikwambi kina sauti ya kifaranga. Kikijibu, huko jikoni hakisikiki.

"Kama mzee Milo mezani kwetu," nikamwambia. "Anatubwekea wote, ukimjibu hasikii."

"Huyo huyo, bibi."

Akavipunguza kimoja kimoja, kila kisanduku kihudumie vyumba vyake tu. Tukajaribu. Nilimpigia Ardith kutoka sebuleni, nikamwona mpaka vinyweleo vya kidevuni, na nikamwambia.

Hakucheka. Alimuuliza Wendell kama angeweza kurudisha nguvu ilivyokuwa.

"Shoga, wewe umezoea kuteseka," nikamtania.

Jumapili alitengeneza nywele, akavaa sweta lake jekundu la Krismasi, na baada ya chakula cha mchana akajifungia chumbani na kishikwambi. Nilipita pale mlangoni mara kadhaa nikisingizia kunyoosha miguu. Sikusikia kitu. Nikajiambia mtandao kweli umetengemaa, hata kupaza sauti hawahitaji.

Jioni, mbele ya sahani za viazi na nyama ya kusaga, nikamuuliza.

"Amepiga," alisema. "Tumeongea mchana kutwa. Picha safi, mwenzangu. Mjukuu wangu ameng'oka jino la mbele, nimeliona pengo."

Macho yake yalikuwa mekundu kuliko sweta. Nikadhani ni furaha. Nikamsogezea siagi.

Ndipo Wendell akaingia, ngazi begani, nywele zimejaa vumbi la dari.

"Mtanisamehe, akina mama. Upande wenu niliuzima tangu kabla ya chakula cha mchana, nibadilishe waya. Ndio kwanza nauwasha."

Ardith alikuwa akipaka siagi kwenye mkate uliokwisha kupakwa.

"Basi ilikuwa jana," alisema.

Jana kutwa nzima tulicheza karata, mimi na yeye, na kishikwambi chake tulikiwekea vikombe vya kahawa juu.