Sahani ya Kwanza ya Mzee Belarmino

Baba mkwe wangu hakunipenda, na mimi sikumlazimisha. Yeye ni mtu wa Ureno bara, wa milima ya Beira, na mimi nilizaliwa Madeira, kisiwani. Kwake hilo lilitosha. Miaka kumi na miwili nimeolewa na mwanawe wa pekee, Norberto, na mzee Belarmino hakuwahi kuniita Zita. Aliniita "wewe wa kisiwani", kama vile Ureno niliifikia kwa kuogelea.

Mkewe alipofariki tulimleta kwetu Thetford, huku Uingereza, ambako nusu ya Wareno wa mtaani tunakata kuku kiwandani na nusu nyingine wanawapakia. Majira yote ya baridi alikaa dirishani na koti lake mwilini. Nikimwekea chakula alikula, lakini alisema ni kama anatafuna karatasi. "Tangu Etelvina afe, ulimi wangu nao umekufa," aliniambia. Hata chumvi hakuitambua.

Kisha Oktoba ikaja na mvua zake. Mzee akaingia kwenye msitu wa misonobari nyuma ya mji, akarudi na uyoga wa manjano umejaa kofia yake. Ulikuwa uyoga ule ule wa kwao, wanaouchuma tangu babu wa babu zao. Nilimkuta jikoni anaunusa na kucheka peke yake, na nilifurahi, sikatai.

Habari zikaenea. Dona Eugénia, mama anayeendesha klabu yetu ya Wareno, akampa jiko la klabu kwa Jumapili moja, apike wali wa uyoga kwa watu arobaini.

Sasa, kwao kuna desturi mbili. Ya kwanza, uyoga haung'olewi, unakatwa kwa kisu usawa wa ardhi, kwa sababu anayeng'oa mzizi amekula wa mwakani. Ya pili, aliyechuma ndiye anayekula kwanza. Anaketi mbele ya watu, anamaliza sahani nzima, na wengine wanasali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, wakimtazama. Likiisha na yeye bado ameketi wima, wanapakuliwa.

Ilipokaribia saa sita mchana nilikuwa kwenye sinki naosha mabakuli. Mzee akaniita, akaninyooshea kijiko cha mbao.

"Wewe wa kisiwani. Hebu nionjee chumvi. Mimi sitajua."

Nilionja. "Imepungua kidogo, Baba."

Akaongeza, akakoroga, akanichotea tena.

"Sasa imekaa."

Akanipigapiga begani kwa mkono unaonuka kitunguu saumu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu. Nikarudi kwenye sinki naimba, mjinga mimi.

Mzee akapakua sahani yake, akaenda nayo ukumbini. Nikaanza kukusanya mabaki mezani: maganda, majani ya msonobari, vipande vilivyovunjika. Kila kipande kilikuwa cha manjano, juu manjano, mikunjo ya chini manjano. Isipokuwa kimoja. Juu kilikuwa na umanjano unaoelekea kijani. Nikakigeuza. Chini kilikuwa cheupe kabisa.

Kiwandani nasimama kando ya Danuta, Mpolandi, na Wapolandi wanaujua uyoga kama sisi tunavyozijua sadini. Danuta aliniambia mara ngapi: ukiona weupe chini, chimba ukaangalie shina. Likiwa limekaa ndani ya kimfuko, kimbia. "Huo una subira," alisema. "Haukukamati siku hiyo. Unakuacha ulale, ucheke, unywe chai. Ukija kuumwa, ini limeshaliwa."

Lakini kimfuko ningekitazama wapi? Kilibaki ardhini, pale mzee alipopitisha kisu chake.

Nikakimbilia ukumbini. Watu walikuwa kwenye Salamu Maria ya pili. Mzee alikuwa amevaa tai ya mazishi ya mkewe, kijiko mkononi, akingoja walio nyuma wasogee ili wamwone vizuri. Bado hakuwa amekula.

"Baba, subiri. Huu umeuchuma wapi?"

Alikitazama kipande kiganjani mwangu. "Msituni. Ulitaka niuchume baharini?"

Watu wakacheka.

"Chini ya msonobari?"

"Kulikuwa na mitatu chini ya mwaloni, mizuri mno. Mbona?"

"Mitatu hiyo iko wapi?"

"Kwenye sufuria, binti, iwe wapi tena?" Uso wake ulishaanza kubadilika. "Nilitia kitunguu saumu, kikabaki cheupe. Uyoga mbaya hukifanya cheusi. Mtoto mdogo anajua."

"Baba, usile."

Norberto akaja akanishika kiwiko. "Zita, usimwaibishe mzee mbele za watu," akaninong'oneza. "Tangu mama afe ndiyo leo amevaa tai."

"Norberto, huu ni sumu."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nilikuwa na kipande kimoja na maneno ya Danuta, na mbele yangu watu arobaini wenye njaa. Nikikosea, mzee angerudi dirishani na asingetoka tena, na mimi ningekuwa yule wa kisiwani aliyemzika akiwa hai.

"Waache waliochuma maisha yao yote wale," mzee akasema, akainua kijiko.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikaivuta sahani ile, ikapasuka sakafuni. Kisha nikarudi jikoni nikikimbia, nikachukua chupa ya sabuni ya vyombo, nikaimimina yote ndani ya sufuria. Ilitoka polepole, ya kijani, na mimi naikamua kwa mikono miwili huku nalia kwa hasira na hofu.

Nilipogeuka walikuwa wamejaa mlangoni. Norberto alijishika kichwa. Mzee alisimama mbele yao, wali umemrukia kwenye suruali, na macho yake siwezi kuyasahau.

Dona Eugénia peke yake ndiye aliyenijia. Alikichukua kile kipande nilichokiacha mezani, akakigeuza, akakiweka ndani ya bakuli taratibu.

"Tuseme Zita hajakosea," akasema. "Hakuna aliyekula. Basi. Nani ameonja chumvi?"

Norberto akamtazama baba yake. Baba yake akanitazama mimi. Nilimwona anakumbuka sekunde ile ile niliyokumbuka mimi. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Mara mbili," nikasema.

Mzee alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, na tai yake.

Hospitali walikituma kipande kwa mtaalamu. Jibu lilipokuja, ndio wenyewe. Nilikuwa mzima, nina njaa, nafanya mzaha na wauguzi, na huo ndio ulikuwa usiku mbaya kuliko mwingine wowote, kwa sababu nilijua nacheka kwa ruhusa ya ule uyoga wenye subira. Kesho yake tumbo likanivunja. Siku tatu sikujua mchana wala usiku, dawa zikiingia mkononi kwa mpira. Norberto aliniambia baadaye kwamba baba yake hakutoka kwenye kiti cha kando ya kitanda. Walimwomba aende akalale, akajifanya hajui Kiingereza, na kweli hakijui.

Siku ya tano daktari akasema ini limeanza kurudi. Muuguzi akaniletea supu, maji ya rangi ya chai yenye karoti moja. Nikanyoosha mkono.

Mzee akawahi kijiko. Alivuta bakuli, akaketi wima, akanywa vijiko vitatu mbele ya muuguzi, ambaye alibaki amekodoa macho. Akaweka kijiko chini. Kisha akafumba macho na midomo yake ikaanza kwenda. Nikatambua anasali, Salamu Maria kumi, hakuruka hata moja. Tulingoja wote, muuguzi naye.

Alipomaliza alinisogezea bakuli.

"Kama ina chumvi sijui, Zita," akasema. "Lakini mimi nimetangulia. Kula sasa."