Leodegar Anawazoeza Mbwa

Mimi sikuolewa na mbwa. Niliolewa na Leodegar, karani wa bandarini, Mhaya mwenzangu, kanisani kwetu Bukoba, mahari ikiwa imeshaliwa na watu wamecheza ngoma. Lakini nilipomfuata Dar es Salaam, miaka miwili baada ya Vita Vikuu vya Pili, niliwakuta wawili wamenitangulia chumbani: Bruno na Meri, mbwa wakubwa kama ndama, wamejilaza kwenye mkeka upande wangu wa kitanda.

Leodegar aliachiwa mbwa hao na bosi wake Mzungu aliyestaafu akarudi kwao. Jambo hilo lilimpanda kichwani. Wenzake waliachiwa barua za sifa, yeye akaachiwa mbwa, akaona yeye ndiye aliyependwa. Akawapikia mifupa yenye nyama huku mimi nikila mchicha. Akawasemesha Kizungu. Majirani zetu wa Kinondoni, karibu wote Waislamu, wakaacha kupita mbele ya nyumba wakienda msikitini, wakawa wanazunguka nyuma kwenye mihogo.

Nilipopata mimba nilimwambia wazi.

“Mtoto akizaliwa, hawa wawe wameshatoka.”

“Hawatoki,” akasema. “Watazoezwa.”

Bi Nunu, mkunga wa mtaa, ambaye ua wake ulipakana na wetu, alishanipa msimamo wake mapema. “Mwanangu, nakupenda, lakini mie nyumba hiyo siingii. Mate ya mbwa yakinigusa, hadi nimalize kujiosha mara saba na udongo juu, mtoto wako keshaanza shule. Uchungu ukikushika, njoo wewe kwangu.”

Huko kuzoeza Leodegar alikujua kwa memsahibu, mke wa huyo bosi. Mama yule alipokuwa mjamzito alibeba mwanasesere nyumba nzima, akimbembeleza mbele ya mbwa, ili mtoto wa kweli akija wasimwonee wivu. Sisi mwanasesere hatukuwa naye. Jumamosi moja Leodegar alikwenda nyuma ya nyumba akakata mgomba, akatwaa kipande cha urefu wa kitoto kichanga, akakiviringisha kwa shuka nyeupe, akanikabidhi.

“Beba. Mwimbie. Waache wanuse.”

Kwetu mgomba haubebwi namna hiyo ovyo. Mtu akifia mbali na maiti yake isipatikane, ni mgomba unaovikwa sanda na kuzikwa badala yake. Leodegar hakuhitaji kufundishwa hilo. Didas, mdogo wake, alikwenda vitani Burma na hakurudi, na Leodegar mwenyewe ndiye aliyeupakata mgomba wake hadi kaburini, akilia mpaka watu wakamshika. Leo ananipa mimi, mwenye tumbo la miezi minane, niubembeleze na kuuita mwanangu.

“Leodegar, hiki unachonipa ni nini?”

“Ni zoezi.”

“Ni maiti.”

“Hayo mambo tumeyaacha kijijini,” akasema. “Hapa mjini. Na usipaze sauti, unawatisha mbwa.”

Nilimchukia. Sisemi nilikasirika, maana kukasirika nakujua, hupanda na kushuka. Niliutupa ule mgomba miguuni pake. Meri akaja, akaunusa, akaulamba.

“Unaona?” Leodegar akasema, meno yote nje. “Keshampenda.”

Tangu hapo akawa anaubeba yeye. Akitoka kazini, hata viatu hajavua, anauchukua mgomba wake na kuuzungusha uani, akiuimbia ule wimbo wa Kihaya ambao mama zetu walitubembelezea, na mbwa wanamfuata nyuma wakitikisa mikia. Tumbo langu hakuligusa. Mgomba ulipoanza kunuka akakata mwingine, akauvika shuka ileile. Mimi nilikaa jikoni nimelishika tumbo kwa mikono miwili, nikingoja mtoto acheze. Akichelewa kucheza, jasho lilinitoka. Bi Nunu alichungulia siku moja juu ya ua, akasema “Astaghfirullah,” akarudi ndani kwake.

Uchungu ulinishika mchana, Leodegar akiwa kazini. Sikumngoja. Nilichukua khanga zangu, nikawaruka mbwa waliolala mlangoni, nikajikongoja hadi kwa Bi Nunu. Alinivua nguo nilizokwenda nazo akazitupa nje kwa sababu ya manyoya, akaniogesha, akanilaza. Nilipiga kelele, sifichi. Nilimtukana Leodegar na ukoo wake hadi Bi Nunu akaniambia nibakize pumzi ya kusukumia. Kisha mwanangu akalia. Alikuwa mzito, wa moto, uso umekunjamana kwa hasira, nami nikalia kuliko yeye, maana alikuwa hai.

Leodegar alifika tukiwa tumeshamaliza usafi. Bi Nunu alimsimamisha kizingitini.

“Shikamoo, Bi Nunu. Amejifungua?”

“Marahaba. Amejifungua salama, alhamdulillahi.”

“Vizuri. Basi naomba kitambaa alichofutiwa mtoto. Memsahibu alitanguliza kitambaa nyumbani, mbwa wakanusa kwanza, ndipo mtoto akaletwa.”

Bi Nunu alinigeukia. Mwanamke yule, ambaye mtaa mzima uliuogopa mdomo wake, aliniachia mimi nijibu.

“Mpe,” nikasema.

Alimpa kwa ncha za vidole. Leodegar akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka karibu anakimbia. Tukasikia mbwa wakimlaki kwa kelele upande wa pili wa ua.

“Funga mlango, Bi Nunu. Mie huko sirudi.”

“Hizo hasira za uzazi, mwanangu. Zitapoa.”

“Hizi hazipoi.”

Akatia komeo.

Haukupita muda mlango ukagongwa.

“Avelina!” Leodegar aliita. “Sikuuliza, mke wangu. Ni wa kike au wa kiume?”

Nilimweka mwanangu vizuri kwenye ziwa, nikajibu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

“Waulize mbwa wako. Wao wameshamnusa.”